Kabla ya Kuweka Wakfu

Tuseme mtu wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, amefariki. Ameacha nyumba ya wageni yenye vyumba vinane karibu na pwani, mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Hana deni wala hakuacha wasia. Hesabu ya faraidhi hapa ni nyepesi: mke ana thumuni, yaani fungu moja katika manane, na mafungu saba yaliyobaki wanagawana watoto, mwanamume mawili na mwanamke moja. Kila binti anapata fungu moja katika manane, kila kijana mawili. Vyumba ni vinane na mafungu ni manane, kama kwamba marehemu alijenga kwa kupima.

Lakini nyumba haigawiwi. Matanga yanaanuliwa, arubaini inapita, mkubwa wa ndugu anaendelea kupokea wageni na kukusanya fedha, na kila mwenye kutaka kuuliza anaona haya. Baada ya miaka kadhaa kijana wa pili naye anafariki. Ameacha mke, watoto wanne wa kiume, na mama yake bado yu hai. Yale mafungu yake mawili, ambayo hakuwahi kuyashika mkononi, yanagawiwa upya: mama anapata sudusi, yaani fungu moja katika sita, mke thumuni, watoto wanachukua kilichobaki. Kila mmoja katika watoto hao wanne sasa ana sehemu 17 katika 384 za nyumba nzima. Mafakihi wana mlango maalumu wa hesabu hii, munasakhati, na mwanachuoni mzuri ataimaliza kwa karatasi moja. Kinachoshindikana si hesabu. Kinachoshindikana ni kupata saini za watu wote hao siku paa linapotaka kubadilishwa, au siku mwekezaji anapokuja na fedha taslimu na kumshawishi mmoja wao pembeni.

Siku hizi mazungumzo ya kupanga mirathi visiwani yameongezeka, hasa huku kaskazini ambako ardhi ya mawe, iliyokuwa haina thamani kubwa ila kwa muhogo, minazi na kupandishia vyombo, imekuwa ndiyo inayotafutwa. Ndugu aliyeko Uingereza anatuma ujumbe kwamba familia ifungue amana, yaani mali ishikwe na wadhamini kwa ajili ya wanufaika. Wakili anapendekeza kampuni. Shekhe wa mtaa anasema wekeni wakfu. Baba mwenyewe anataka amwandikie kila mtoto chake, amalize. Kila mmoja ana hoja, na mara nyingi hoja ya kwanza inayotajwa ni kodi. Nadhani hapo ndipo tunapopotea njia. Hapa kwetu kodi siyo inayoila mirathi. Inayoila ni muda unaopita bila kugawa, pamoja na kukosekana kwa mtu mwenye mamlaka yanayojulikana na hesabu zinazoonekana. Njia yoyote ya kurithisha ipimwe kwanza kwa hilo, kodi ije baadaye.

Tuiondoe basi kodi mbele ya macho, kwani haichukui nafasi kubwa. Tanzania haina kodi ya urithi. Mtu akifa, Serikali haichukui fungu katika mali yake kwa sababu tu amekufa, iwe Bara au Visiwani. Kinachomfuata mrithi ni kile kile kilichomfuata marehemu: kodi ya mapato kwenye pango au biashara, ushuru wa stempu kwenye hati, na jengo likiuzwa, kodi ya faida ya mauzo, ambayo kwa mkaazi ni asilimia 10 ya faida hiyo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 ni ya Muungano, na inaitazama amana kuwa mlipakodi anayesimama peke yake, mbali na wanufaika wake. Pato la amana linatozwa asilimia 30, kisha kinachogawiwa hakitozwi tena. Mtu binafsi, kwa upande wake, hatozwi chochote kwenye shilingi 270,000 za mwanzo za kila mwezi. Familia yenye ndugu watano wa kipato kidogo, kila mmoja akipata laki mbili za pango kwa mwezi, ikikimbilia amana kwa kukwepa kodi itakuwa imeifuata kodi ilipo. Ushauri ulioandikwa kwa ajili ya London au Nairobi unajibu suali ambalo Nungwi halikuulizwa.

Suali lililoulizwa Nungwi linaanza na ardhi yenyewe. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar ilitangazwa kuwa mali ya umma, na Sheria ya Ardhi Namba 12 ya mwaka 1992 imelishikilia hilo: ardhi iko chini ya Rais kwa manufaa ya wananchi. Alichonacho mtu ni haki ya matumizi, na haki hiyo hurithiwa na huweza kuhaulishwa. Juu ya ardhi kuna jengo na kuna miti. Kwa mila ya visiwani mnazi unaweza kuwa na mwenyewe na kiwanja kikawa na mwengine, ndiyo maana fidia za pwani zimekuwa zikihesabiwa kwa mti. Eka tatu zilizotolewa baada ya Mapinduzi, nyingi zikiwa kwenye ardhi yenye rutuba na si kwenye mawe ya kaskazini, zina masharti mazito zaidi, kwa kuwa hazikutolewa ili ziuzwe wala zikatwe vipande. Zaidi ya hayo, haki ya matumizi ni ya Mzanzibari, na Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Baba mwenye mtoto aliyechukua pasipoti ya Uingereza au ya Oman aende Kamisheni ya Ardhi kuuliza nini kinaweza kusajiliwa kwa jina la mtoto huyo, na aende yeye mwenyewe akiwa hai, si watoto baada yake. Mtu anayetaka kupanga mirathi bila ya kujua anamiliki nini hasa, kiwanja, jengo, minazi, au mkataba tu wa kukodi, anapanga kitu asichokiona.

Nianze na hiba, kwa sababu ndiyo njia inayotumika zaidi na ndiyo inayovunjika zaidi mbele ya Kadhi. Hiba ni zawadi ya mtu aliye hai. Anampa amtakaye, mrithi au asiye mrithi, kiasi chochote, bila kufungwa na mpaka wa theluthi unaoufunga wasia. Nguvu yake ni hiyo. Masharti yake yanajulikana: mtoaji aseme ametoa, mpokeaji akubali, kisha kiwepo kukabidhi. Sharti la tatu ndilo linaloangusha watu. Baba anamwandikia binti yake nyumba kwa karatasi yenye mashahidi wawili, anaikunja, anaiweka kabatini, halafu anaendelea kukaa ndani ya nyumba hiyo, kupokea pango lake na kulipa umeme kwa jina lake mpaka siku ya kufa. Binti hajawahi kushika ufunguo. Ndugu zake wakisema hapakuwa na kukabidhi, wana la kusema, na karatasi ile iliyokusudiwa kuzuia ugomvi inakuwa ndiyo chanzo cha ugomvi.

Anayetaka hiba isimame aikabidhi kwelikweli. Mpangaji aarifiwe kwamba mwenye nyumba ni mwengine na pango lilipwe kwake. Jina libadilishwe kwenye usajili, na kwa ardhi, uhaulishaji upite kwenye Bodi ya Uhaulishaji iliyowekwa na sheria ya 1994. Asingoje ugonjwa. Anachokitoa mtu katika maradhi ya mauti kinachukuliwa kama wasia, kinarudi kufungwa na theluthi, na kwa mrithi kinahitaji ridhaa ya warithi wenzake. Jambo jengine halisemwi vya kutosha. Mtume alipotakiwa awe shahidi wa zawadi aliyopewa mtoto mmoja na ndugu zake wakaachwa, alikataa. Na wanavyuoni wa Kishafii, madhehebu ya walio wengi visiwani, wanaona usawa katika zawadi ni kumpa binti sawasawa na kijana. Baba mwenye hofu kwamba binti zake watasukumwa pembeni baada yake ana mlango halali kabisa, wa hiba iliyokabidhiwa mapema, wala hahitaji hila.

Ubaya wa hiba ni kwamba inamwacha mtoaji mikono mitupu. Fiqhi ya Kishafii inamruhusu mzazi kurejea katika hiba aliyompa mwanawe maadamu mali bado iko katika milki ya mtoto, lakini mtoto akishaiuza hakuna cha kurejea. Pwani ya Nungwi kijana wa miaka 25 mwenye hati ya kiwanja mkononi hukutana na wanunuzi wengi kuliko washauri. Kwa hiyo hiba inafaa zaidi kwa nyumba ya kuishi kuliko kwa kiwanja cha pwani, na inafaa zaidi kwa mtoto aliyekwisha kujitegemea.

Wasia hauhitaji maneno mengi. Mwisho wake ni theluthi ya mali baada ya gharama za mazishi na madeni, na mrithi hausiiwi ila warithi wenzake waridhie. Wanaoudharau kwa sababu ya mipaka hiyo wanasahau jambo moja kubwa: wajukuu waliofiwa na baba yao wakati babu yu hai. Ami yao akiwepo, hawarithi chochote kwa babu. Misri iliweka wasia wa lazima kwa ajili ya watoto hao katika sheria yake ya mwaka 1946. Hapa kwetu babu aandike mwenyewe, na theluthi inatosha kabisa kuwatoa katika unyonge. Babu mwenye mali anayefariki akijua kuna mayatima wa mwanawe ndani ya nyumba, na asiwaandikie kitu, amewaacha wategemee huruma ya ami yao.

Wakfu ndio wenye historia ndefu kwetu, na ndio unaostahili muda. Mtu anaisimamisha mali isiuzwe, isitolewe zawadi, isirithiwe, na manufaa yake yaende kwa aliowataja. Ukienda kwa msikiti, chuo au mafakiri ni wakfu wa kheri. Ukienda kwa watoto na vizazi vyao, kisha kwa mafakiri pindi ukoo utakapokatika, ni wakfu wa dhuria. Aina hii ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na amana ya kifamilia ya Kizungu, na wapo wanahistoria wa sheria wanaodai kwamba amana ya Kiingereza ilijifunza kutoka kwa wakfu wakati wa vita vya msalaba. Iwe ni kweli au la, Waingereza walipokuja kututawala hawakuutambua kama ndugu.

Mwaka 1894 mahakama ya mwisho ya rufaa ya dola yao, iliyokuwa London, iliamua kesi ya Bengal kwa kusema kwamba wakfu unaonufaisha familia, na kuwaachia mafakiri fungu la mbali lisilo na uhakika, ni batili. Kwa wanavyuoni wa Kiislamu kumtunza mwana na mjukuu ni sadaka. Kwa majaji wale ilikuwa ni kujipendelea. Waislamu wa India walipigania jambo hilo mpaka wakapata sheria ya kuuhalalisha tena wakfu wa dhuria mwaka 1913, mswada ukisimamiwa na Muhammad Ali Jinnah. Zanzibar, ambako Waingereza walikwisha kuweka kamisheni ya kusimamia mali za wakfu tangu 1905, ilingojea mpaka mwaka 1946 kupata sheria yake ya kuhalalisha. Mombasa, kesi ya namna hiyo hiyo ilifika London na wakfu wa familia ukaangushwa kwa mfano ule ule wa 1894, na hukumu ikatoka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wakati huo huo nchi za Kiarabu zenyewe zilikuwa zikiuchoka wakfu wa aina hii kwa sababu zao: Syria iliufuta 1949, Misri 1952, na Lebanon iliuwekea mpaka wa vizazi viwili mwaka 1947. Hazikufanya hivyo kwa kuchukia dini. Baada ya vizazi vinne au vitano wanufaika walikuwa mamia, fungu la kila mmoja halitoshi nauli, na hakuna anayejali tena jengo limesimama au limeanguka.

Anayetaka kuyaona haya kwa macho aende Mji Mkongwe. Nyumba nyingi pale ni za wakfu, zilizowekwa na wafanyabiashara na wenye mashamba, wanawake kwa wanaume, kwa ajili ya misikiti, jamaa zao, na wakati mwengine watumwa waliowaacha huru. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu zimebebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba ni urefu wa boriti. Paa likivuja, maji yanashuka ndani ya ukuta na kuozesha kichwa cha boriti pale kinapoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Boriti moja kuibadilisha kwa wakati ni kazi ndogo ya fundi. Ikiachwa misimu kadhaa ya masika, inashuka na sakafu. Pango la miaka mingi lilikuwa dogo kiasi kwamba halikuweza kununua boriti hiyo, na mwenye kuweka wakfu, aliyetaja kwa uangalifu nani asome hitima na nani apewe futari, mara nyingi hakutaja fungu la matengenezo. Na wakfu hauwezi kuuza chumba kimoja ili kuokoa vingine. Uimara wake ndio udhaifu wake pia.

Mtu asije akadhani, hata hivyo, kwamba wakfu hauwezi kupotea. Ng'ambo ya Mji Mkongwe kulikuwa na ardhi zilizotengwa kwa ajili ya wanyonge na wafuasi wa matajiri, na katika muongo wa 1920 wakaazi walikuwa wakidaiwa kodi ya kiwanja juu ya ardhi waliyoizoea kuikalia bila malipo. Waligoma kulipa mwaka 1928. Nia njema isiyoandikwa na kusajiliwa ilidumu kwa muda walioishi wanaoikumbuka tu.

Leo msimamizi wa kisheria ni Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, iliyo chini ya sheria ya mwaka 2007, na kazi yake inagusa pia mirathi ya Waislamu na zaka. Mwenye kuweka wakfu anaweza kumtaja msimamizi wake mwenyewe, lakini aandikishe Kamisheni. Na kuna suali la kifiqhi linalowahusu watu wa Nungwi moja kwa moja: mtu ambaye ardhi si yake, bali ana haki ya matumizi au amekodi, anaweza kuweka wakfu? Wakfu hutaka kitu chenyewe, si manufaa peke yake. Jibu limo katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kinachojulikana vizuri na kila aliyesoma fiqhi katika pwani yetu. Kauli yenye nguvu zaidi humo inajuzisha kuweka wakfu jengo au miti iliyo juu ya ardhi iliyokodiwa. Kwa hiyo nyumba ya wageni na minazi yake inaweza kuwekwa wakfu. Ila muda wa ardhi ukimalizika au ukivunjwa, wakfu unabaki na matofali. Anayefanya hivyo aweke akiba ya kuhuisha mkataba mapema, na aandike jengo likifidiwa fidia inunue nini. Na kwa Mshafii, akumbuke kwamba hawezi kujiwekea wakfu mwenyewe kisha watoto baada yake. Anayetaka kuendelea kula pango mpaka afe, njia hii si yake.

Nina neno zito kuhusu wakfu wa dhuria. Wako wanaoutaka ili binti wasipate. Wanaandika manufaa yaende kwa watoto wa kiume na wana wao, na binti anatajwa kwa haki ya kukaa tu pindi akiachwa na mumewe. Karatasi ina bismillahi juu na dhulma katikati. Mwenyezi Mungu alimpa binti fungu lake kwa nassi, na mtu hawezi kuchukua jina la sadaka akalitumia kumnyang'anya. Wanavyuoni wengi wameukemea wakfu wa namna hiyo, na Kadhi anayeletewa angefanya vyema kuuchunguza kwa jicho la kukusudia kudhuru. Ninaweza kuuelewa wakfu wa dhuria katika hali moja: mali ya kipato isiyogawika, warithi wenye kupatana, wasimamizi zaidi ya mmoja, na mwisho wake umewekwa karibu, kizazi cha pili au cha tatu, kisha uwe wa kheri moja kwa moja. Walebanoni hawakukosea kuweka mpaka.

Wakfu wa kheri, kwa upande mwengine, ningependa kuuona zaidi Nungwi kuliko unavyoonekana sasa. Kijiji kimezungukwa na hoteli, na vyuo vyake, kisima chake na zahanati vinategemea michango ya papo kwa papo. Mwenye nyumba ya vyumba vinane akiweka viwili wakfu kwa chuo cha watoto, warithi hawadhuriki na chuo kinapata pato kila mwezi.

Kampuni wengi huiogopa kwa sababu inaonekana ya kizungu, lakini kwa nyumba ya wageni yenyewe naiona ndiyo njia iliyo sahihi mara nyingi zaidi. Sheria ya Kampuni ya Zanzibar ni ya mwaka 2013, na usajili unafanyika kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Jengo linakuwa mali ya kampuni, na wanafamilia wanamiliki hisa. Mwenye hisa akifa, hisa zake zinarithiwa kwa faraidhi kama mali nyengine, na ile sehemu ya 17 katika 384 inakuwa idadi ya hisa kwenye daftari, isiyomzuia mtu yeyote kuezeka paa. Yuko mkurugenzi mwenye mamlaka yanayojulikana, na kuna hesabu ambazo kila mwenye hisa ana haki ya kuziona. Katiba ya kampuni inaweza kusema kwamba anayetaka kuuza hisa aanze na ndugu zake kwanza, na huo ni ukuta mzuri dhidi ya yule anayeshawishiwa pembeni. Gharama zake ni za kweli: faida inatozwa asilimia 30, gawio linakatwa asilimia 10, na kuna ripoti za kila mwaka. Kwa banda la vyumba viwili haina maana. Kwa mtaji wa jahazi la utalii au nyumba ya vyumba vinane vinavyojaa Julai na Agosti, inajilipa. Na si lazima kungoja mtu afe; baba anaweza kuifungua leo, akawapa watoto hisa kidogo kidogo kama hiba, akabaki mkurugenzi. Kukabidhi hisa ni kuandikwa kwenye daftari la wanahisa, jambo lisilobishaniwa kirahisi.

Amana ya kifamilia yenyewe, kwa maana ya sasa, imepata umaarufu Kenya. Nchi hiyo ilirekebisha sheria yake ya wadhamini mwaka 2021 ikaitambua kwa jina lake na kuipa nafuu za kodi kwa mali inayohamishiwa humo, na baadaye kodi ya faida ya mauzo ya mali ikapandishwa kutoka asilimia 5 hadi 15 tangu Januari 2023. Kwa mwenye majumba Nairobi au Mombasa mantiki yake inaeleweka. Zanzibar nafuu hizo hazipo, na nakala ya hati ya Nairobi haitazileta.

Wenye sababu ya kweli ya kuwaza kodi ni ndugu zetu walioko nje. Uingereza inatoza asilimia 40 kwa mali ya marehemu inayozidi pauni 325,000. Tangu tarehe 6 Aprili 2025 kipimo kimekuwa ukaazi: aliyekaa huko miaka 10 katika 20 iliyotangulia anahesabiwa na mali yake ya dunia nzima, nyumba ya Nungwi ikiwemo. Mtu kama huyo akiweka wakfu wa dhuria Zanzibar, wakusanyaji kodi wa Uingereza wanaweza kuuona kama amana: asilimia 20 siku ya kuingiza kinachozidi kiwango kile, kisha mpaka asilimia 6 kila baada ya miaka 10. Zawadi ya moja kwa moja, mtoaji akiishi miaka 7 baada yake, hutoka kwenye hesabu, isipokuwa ameendelea kukitumia alichokitoa. Hapo sheria ya kodi ya Uingereza na fiqhi ya hiba zinakutana bila kujuana: zote mbili zinamtaka mtoaji aachie kweli. Kwa Mzanzibari wa London, hiba iliyokabidhiwa barabara inaweza kuwa bora kwa dini na kwa kodi pamoja. Marekani, kiwango cha kutotozwa kodi ya mirathi ya shirikisho ni dola milioni 15 mwaka 2026, kwa hiyo wachache watafikwa, ila mwenye uhusiano na amana ya nchi ya nje ana fomu za kujaza na faini kali akizipuuza. Oman haina kodi ya urithi. Kodi ya mapato ya mtu binafsi iliyopangwa kuanza 2028 ni asilimia 5 kwa kinachozidi rial 42,000 kwa mwaka, na wengi wa jamaa zetu wa Muscat hawatafikia hapo.

Njia yoyote itakayochaguliwa, usimamizi ndio utakaoamua. Hati itaje msimamizi wa kwanza, wa pili na wa tatu, na namna ya kumwondoa anayekosea, bila kwenda mahakamani ikiwezekana. Msimamizi alipwe, kwa sababu kazi ya bure hujilipa yenyewe kwa njia ambazo familia haitazipenda. Fungu la matengenezo litoke kabla ya kugawa chochote. Mimi ningeanza na sehemu moja katika tano kwa jengo lililo karibu na chumvi ya bahari. Hesabu zisomwe mara moja kwa mwaka, baada ya msimu wa wageni kwisha, mbele ya wote, na walioko nje wasikilize kwa simu. Na mmoja wa wasimamizi awe mwanamke, binti au mjane, mwenye saini benki sawa na wenziwe.